Nakala za Kompyuta ya Kikundi: Tuchague Programu Gani ya Bure?

Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vina kompyuta. Nyingine zilinunuliwa kwa harambee, nyingine zilitolewa na marafiki wa mradi, na nyingine ni laptopu ya mtoto wa mwanachama ambayo katibu huiazima siku ya mkutano. Ndani yake mna orodha ya wanachama, hisa za kila mmoja, mikopo na riba, kumbukumbu za mikutano, barua za kuomba msaada, hata picha za mbuzi waliogawiwa. Lakini ukiuliza kikundi kitafanya nini ikiwa kompyuta hiyo itakataa kuwaka kesho asubuhi, wengi watatazamana.

Tuchukue mfano. Akina mama 30 wanakopeshana kila mwezi. Pesa zinaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Daftari la zamani liliachwa miaka mitatu iliyopita, maana kwenye kompyuta hesabu zinajijumlisha zenyewe. Halafu diski inakufa. Pesa zenyewe hazijapotea, ziko kwa wale waliokopa: kuku wamenunuliwa, karo imelipwa. Kilichopotea ni ushahidi. Mama mmoja anasema alikuwa amebakisha shilingi 2,000. Mweka hazina anakumbuka 6,000. Hakuna hata mmoja anayesema uongo. Kila mtu anasema anavyokumbuka. Ujumbe wa M-Pesa utaonyesha pesa zilizopita kwa simu, lakini hautaonyesha ni ngapi zilikuwa za hisa, ni ngapi za mkopo na ni ngapi za faini ya kuchelewa. Kikundi kilichojengwa kwa miaka kumi kinaweza kuvunjika kwa mkutano mmoja wa namna hiyo.

Ndiyo sababu tunaandika juu ya nakala za akiba, au bakapu kama vijana wanavyoziita. Swali tunaloulizwa ni moja kila wakati: "Ni programu gani ya bure iliyo nzuri?" Ziko nyingi, na baadhi tutazitaja hapa kwa majina. Lakini tunaomba mlianzie swali upande wa pili. Siku kompyuta ikifa, mnataka kitu gani kirudi? Kitarudi kwenye mashine gani? Na ni nani atakayekirudisha? Kuhifadhi ni rahisi, hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Kurudisha ndiko kazi iliko, na programu ichaguliwe kwa kazi hiyo.

DISKI HUFA NAMNA GANI

Diski ni ile sehemu ndani ya kompyuta inayoweka kazi yenu hata stima ikizimwa. Ziko aina mbili. Ile ya zamani ina sahani zinazozunguka kwa kasi, na mkono mdogo unaosoma karibu kabisa na uso wa sahani bila kuugusa. Kompyuta ikianguka wakati diski inazunguka, mkono huo unaweza kukwaruza sahani, na kilichokwaruzwa kimekwenda. Diski ya namna hii mara nyingi hutoa dalili: inagonga-gonga ndani, kompyuta inakuwa nzito, faili nyingine zinakataa kufunguka. Mkiona hivyo, acheni kazi zote mtoe nakala saa hiyo hiyo. Aina mpya inaitwa SSD. Hiyo haina kitu kinachozunguka, ni ya haraka na haisumbuliwi sana na kutikisika, lakini inaweza kufa ghafla bila kukohoa hata mara moja.

Tena sio lazima diski ife yenyewe. Stima inakatika na kurudi kwa nguvu. Paa linavuja. Mwizi anaingia na kubeba kompyuta pamoja na flashi iliyokuwa kwenye droo ya meza hiyo hiyo. Au mtu wa nyumbani anafuta folda akidhani ni takataka.

Na iko hatari nyingine isiyoonekana kwa macho, ya programu mbaya zinazoteka faili. Mnamo 12 Mei 2017 programu moja ya namna hiyo, iliyoitwa WannaCry, ilianza kuenea, na kwa siku chache tu iliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Ilifunga faili zote kwa fumbo na kudai dola 300 ili kuzifungua. Programu za aina hii hazichagui kampuni kubwa peke yake. Tena hufunga pia kila kilicho kwenye flashi au diski ya nje iliyochomekwa wakati huo. Kwa hiyo nakala inayokaa imechomekwa mchana na usiku ni nusu nakala tu. Ikishamaliza kunakili, ichomoeni.

MAMBO MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Watu wanaposema "nakala ya kompyuta" huwa wanamaanisha moja kati ya mambo mawili, na programu zake ni tofauti.

Jambo la kwanza ni kazi yenu: hesabu, barua, orodha, picha. Hii ni mali ambayo haipatikani dukani. Pia ni ndogo kuliko mnavyofikiri. Hesabu za kikundi za miaka kumi, barua na kumbukumbu zote za mikutano, zinaingia kwenye flashi ndogo kabisa na nafasi inabaki. Zinazokula nafasi ni picha na video.

Jambo la pili ni mashine nzima: Windows au Linux yenyewe, programu zote zilizowekwa, mipangilio ya printa, na kazi yenu pia, vyote kama vilivyo. Nakala ya namna hii inaitwa picha ya diski. Faida yake ni kwamba diski ikifa mnanunua nyingine, mnairudishia ile picha, na kompyuta inawaka kama jana. Inafaa sana mahali ambapo fundi yuko mbali na intaneti ni ya kununua kwa bando, maana kuweka Windows upya pamoja na masasisho yake kunaweza kumaliza bando la mwezi.

Maoni yetu ni kwamba kikundi kianze na jambo la kwanza, na kisiguse la pili mpaka la kwanza limekuwa mazoea. Kwa nini? Picha ya diski imefungamana na mashine. Kompyuta ikiibwa na mkanunua ya aina nyingine, picha ile huenda ikakataa kuwaka vizuri kwenye mashine mpya. Lakini faili ya hesabu itafunguka kwenye kompyuta yoyote, hata ya saiba. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa Microsoft iliacha kuipa Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa muda. Kompyuta kuukuu nyingi za vikundi haziwezi kupokea Windows 11. Kwa hiyo wengi watahama mashine, au watahamia Linux, watake wasitake. Anayehama hubeba vyombo, hawezi kubeba kuta.

BURE SIO SAWA NA HURU

Waingereza wana neno moja, free, kwa mambo mawili ambayo sisi katika Kiswahili tunayatenga. Bure ni kitu usicholipia. Huru ni kitu kisichofungwa. Tofauti hiyo ndiyo ya kuangalia kwanza mnapochagua programu.

Kwa miaka mingi mafundi wengi walisifu programu iitwayo Macrium Reflect Free, ya kampuni moja ya Uingereza. Ilikuwa nzuri kweli na haikulipiwa. Lakini ilikuwa zawadi ya kampuni, na kampuni ikaamua kuiacha: marekebisho ya usalama ya toleo hilo la bure yalikoma tarehe 1 Januari 2024. Wanaotaka kuendelea na kampuni hiyo wanalipia toleo jingine. Hatuilaumu kampuni, nao wana mishahara ya kulipa. Tunachosema ni kwamba aliyekuwa na picha za diski zilizotengenezwa kwa programu hiyo alibaki na sanduku ambalo ufunguo wake unaendelea kuzeeka.

Sasa linganisheni na hii. Kulikuwa na programu nyingine, Redo Backup and Recovery, ambayo baada ya 2012 ilikaa miaka mingi bila kutengenezwa. Lakini yenyewe ilikuwa programu huria, yaani leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha na kuigawa kwa wengine. Basi watu wengine wakaichukua, wakaifufua na kuiendeleza kwa jina la Rescuezilla. Waanzilishi walipoichoka, kazi haikufa. Ni kama kisima kilichochimbwa kwenye ardhi ya kijiji na kile kilichochimbwa kwenye shamba la mtu. Vyote viwili mnachota bila kulipa, mpaka siku mwenye shamba atakapoweka kufuli.

Wazo hili la programu huria lilitangazwa Marekani na Richard Stallman mwaka 1983, na leseni yake maarufu, GPL, ilitoka 1989. Mkiona herufi hizo kwenye maelezo ya programu, mjue mnashika kitu cha namna ya pili.

Kwa programu za bure zisizo huria, someni masharti kabla ya kuziweka. Nyingine zinaruhusu matumizi ya nyumbani tu, na kikundi kilichosajiliwa sio nyumba. Nyingine zinakupa sehemu ya kazi bure na sehemu nyingine imefungwa hadi ulipe, na hutajua ni sehemu gani mpaka siku ya shida. Na programu yoyote mtakayopakua, ipakueni kwenye tovuti yake yenyewe. Tovuti za kugawa programu za kila aina mara nyingi hubandika na vitu vingine ambavyo hamkuviomba.

KWA KAZI YENU: ANZENI NA MLICHO NACHO

Programu ya kwanza tunayopendekeza haina haja ya kupakuliwa. Ni kunakili kwa mkono. Wekeni kazi zote za kikundi ndani ya folda moja, sio zingine kwenye skrini ya mbele na zingine mahali ambapo katibu peke yake anapajua. Kila baada ya mkutano, kabla watu hawajaondoka, nakilini folda hiyo yote kwenye flashi na kuipa jina lenye tarehe, kwa mfano "Kikundi 2026-02-14". Mwezi ujao mtengeneze nyingine. Msifute ile ya zamani wala kuandika juu yake. Sababu ni hii: makosa mengine hayaonekani siku hiyo. Mweka hazina anaweza kufuta safu ya Februari bila kujua, na kosa likaonekana Mei. Mkiwa na nakala moja tu inayoandikwa juu kila mara, nayo pia itakuwa na kosa hilo hilo. Mkiwa na za kila mwezi, mnarudi kwenye nakala ya Februari na kuona.

Wale wanaosahau, na sisi sote tunasahau, watumie programu inayofanya kazi hiyo yenyewe. Ndani ya Windows 10 na 11 mna kitu kinachoitwa File History. Kilianza na Windows 8 mwaka 2012, na kinapatikana kwenye Control Panel. Mkichomeka diski ya nje na kukiwasha, kinanakili nyaraka, picha na vilivyo kwenye skrini ya mbele, kwa kawaida kila saa moja, na kinatunza matoleo ya zamani ya kila faili. Kasoro yake ni kwamba kinaangalia folda zile za kawaida tu. Kama katibu ameweka hesabu mahali pa ajabu, haitazifikia. Programu yenyewe sio huria, lakini faili inazozihifadhi ni faili za kawaida, mnaweza kuzifungua kwa mkono hata bila programu hiyo. Kwa sababu hiyo hatuiogopi.

Kwa kompyuta zenye Ubuntu au Linux nyingine iko Déjà Dup, ambayo kwenye skrini inajionyesha kwa jina la Backups. Hii ni huria. Inauliza mambo machache tu: tuhifadhi folda gani, wapi, na mara ngapi. Inaweza pia kufunga nakala kwa neno la siri.

Hapa tutoe onyo moja ambalo limewaponza wengi. Linux Mint huja na programu inayoitwa Timeshift, na Windows ina kile kinachoitwa restore point. Majina yao yanasikika kama bakapu, lakini kazi yao ni kurudisha mfumo wa kompyuta wenyewe, tuseme baada ya sasisho baya. Timeshift kwa kawaida yake haigusi folda za watumiaji, na restore point haihifadhi barua zenu. Mtu akiwaambia "tuko salama, Timeshift inafanya kazi," mwulizeni hesabu za kikundi ziko ndani yake au haziko.

Na intaneti je? Google Drive inatoa nafasi ya GB 15 bila malipo, OneDrive inatoa GB 5. Kwa hesabu na barua hizo zinatosha kabisa, na faida kubwa ni kwamba nakala iko mbali na moto na mwizi wa kijijini. Lakini mjue namna zinavyofanya kazi. Zikiwekwa zilingane na kompyuta, ukifuta faili hapa, inafutwa na kule. Takataka hukaa siku 30 tu halafu inaondoka. Pia akaunti iwe ya kikundi, yenye neno la siri linalojulikana na maofisa wawili. Akaunti ya kijana aliyekwenda kutafuta kazi Nairobi haifai, hata kama ni kijana mwaminifu.

Tena msidharau karatasi. Kila mwezi chapisheni ukurasa mmoja wenye jina la kila mwanachama, hisa zake na deni lake, mwenyekiti na mweka hazina watie sahihi, uingie kwenye faili ya kikundi. Karatasi haihitaji programu wala stima, na inasomwa na mama ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

KWA MASHINE NZIMA

Mkishazoea hayo, na mkiwa na diski ya nje yenye nafasi, mnaweza kutengeneza picha ya diski. Programu mbili huria tunazozipendekeza ni Clonezilla na Rescuezilla. Clonezilla inatengenezwa Taiwan, kwenye kituo cha taifa cha kompyuta zenye nguvu. Ni imara na inatumiwa na mafundi dunia nzima, lakini skrini zake ni za maandishi matupu na maswali mengi, na mtu asiyezoea anaweza kuogopa. Rescuezilla inafanya kazi hiyo hiyo kwa vitufe na picha, tena inasoma picha zilizotengenezwa na Clonezilla. Kwa kikundi tunasema chukueni Rescuezilla. Fundi wenu akipendelea Clonezilla, hamtagombana, maana picha zenu atazifungua.

Hizi haziwekwi ndani ya Windows. Zinaandikwa kwenye flashi, kwa kutumia programu ndogo kama Rufus ambayo nayo ni huria, kisha kompyuta inawashwa kutoka kwenye flashi hiyo. Flashi ya GB 4 inatosha, ila mjue kwamba kila kilichokuwa ndani yake kitafutika. Kuifanya kompyuta isome flashi kwanza, unabonyeza kitufe fulani mara tu inapowaka, mara nyingi F12, F9 au Esc, kutegemea kampuni iliyoitengeneza. Ikishawaka, unachagua kuhifadhi, unaonyesha diski ya ndani, unaonyesha diski ya nje, unasubiri.

Kusubiri kwenyewe ni kwa muda gani? Programu hizi hazinakili nafasi tupu, zinanakili sehemu iliyotumika. Kwenye tundu la zamani la USB 2.0 mnaweza kupata kama MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo GB 100 zitachukua karibu saa moja. Tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ndani lina rangi ya buluu, ni la haraka zaidi. Msianze kazi hii wakati stima inayumba au betri imechoka.

Mambo matatu yamejificha hapa. La kwanza, diski mtakayoirudishia picha ni lazima iwe na ukubwa sawa na ile ya zamani au zaidi. Iliyokufa ikiwa ya GB 500, msinunue ya GB 240 kwa sababu ni rahisi, hata kama mlikuwa mmetumia GB 60 tu. La pili, kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa fumbo linaloitwa BitLocker. Diski ikiwa imefungwa hivyo, programu haiwezi kujua nafasi ipi ni tupu, basi inanakili yote, na picha inakuwa kubwa mno. Tena mtahitaji ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48. Uandikeni leo kwenye karatasi, kompyuta ikiwa bado inawaka. La tatu ndilo la hatari: wakati wa kurudisha, programu inaandika juu ya diski unayoionyesha na kufuta kila kitu kilichokuwepo. Mtu akikosea akaonyesha diski ya nje badala ya ile ya ndani, anafuta nakala yenyewe. Wawe watu wawili mbele ya skrini, mmoja akisoma kwa sauti jina na ukubwa wa diski kabla mwenzake hajabonyeza.

Picha ya diski sio ya kila wiki. Mara mbili kwa mwaka inatosha, na baada ya kuweka programu mpya muhimu.

FLASHI ZA UONGO

Programu nzuri haitasaidia kama unahifadhi kwenye kitu kibovu. Sokoni kuna flashi zilizoandikwa TB 2 ambazo ndani yake zina GB chache. Zimepangwa zidanganye kompyuta: zinapokea faili zote bila kulalamika, lakini zikijaa zinaandika juu ya zile za kwanza au zinatupa tu. Unagundua siku ya kufungua. Kwa Windows iko programu ndogo ya bure, H2testw, iliyotoka kwa jarida la kompyuta la Ujerumani linaloitwa c't. Inajaza flashi hadi mwisho, halafu inasoma tena na kukuambia ukweli. Kwa Linux iko F3, ambayo ni huria. Flashi ikiwa kubwa jaribio linachukua saa nyingi, basi liacheni liende usiku. Bei ikiwa ya ajabu, msingoje jaribio, iacheni dukani.

Kitu kingine kidogo: flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haukubali faili moja inayozidi GB 4. Hesabu zenu hazitafika huko, lakini video ya siku ya mavuno inaweza kukataliwa.

JARIBUNI KURUDISHA

Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani, yenye mafundi wa kila aina na pesa, ilikuwa ikitengeneza sinema ya katuni ya Toy Story 2. Mtu mmoja akatoa amri ya kufuta kwenye kompyuta mahali pasipostahili, na sinema ikaanza kupotea machoni pao, kiti baada ya kiti, mtu baada ya mtu. Wakakimbilia bakapu. Kumbe bakapu ilikuwa haifanyi kazi ipasavyo, na hakuna aliyekuwa ameijaribu. Kilichowaokoa ni mama mmoja msimamizi wa kazi, Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Kwenye kompyuta ya nyumbani kwake kulikuwa na nakala. Waliifunga kwa mablanketi na kuiendesha polepole kwa gari hadi kazini.

Angalieni yaliyomo. Bakapu ilikuwepo na kila mtu aliiamini. Iliyofaa ni ile iliyokuwa nyumba nyingine. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliweka jambo hili katika kanuni inayojulikana kama 3-2-1: kazi yako iwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali. Kwa kikundi hii sio gharama kubwa. Kompyuta ni ya kwanza, flashi kwa mweka hazina ni ya pili, na flashi au diski kwa mwanachama wa upande wa pili wa mto ni ya tatu. Mzibadilishane kila mkutano ili isiwe moja mpya na nyingine ya mwaka juzi.

Mara moja kila miezi mitatu, chukueni flashi mojawapo mwende nayo kwenye kompyuta isiyo ya kikundi, ya shule au ya saiba. Mtu asiyekuwa katibu afungue faili ya hesabu na asome kwa sauti deni la wanachama watatu, nao wathibitishe kwa vitabu vyao. Mkimaliza, hakikisheni hakuna faili iliyobaki kwenye kompyuta hiyo ya watu. Jaribio hili ni la dakika kumi na tano, na litawaonyesha kama programu mliyoichagua inawafaa kuliko sisi tunavyoweza kuwaambia.

NAKALA PIA NI SIRI ZA WATU

Ndani ya flashi hizo mna namba za vitambulisho, namba za simu na madeni ya watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata bila sheria, hakuna anayependa deni lake lisomwe sokoni. Fungeni nakala kwa neno la siri. Programu huria ya 7-Zip inaweza kufunga folda nzima kwa njia hiyo, na LibreOffice inaweza kufunga faili moja ya hesabu. Ila mjue hakuna fundi atakayewafungulia mkilisahau, basi liandikwe, litiwe kwenye bahasha, bahasha ikae kwa mtu asiyeshika flashi. Diski ya zamani ikitolewa au kuuzwa, kufuta faili tu hakutoshi, maana zinaweza kufufuliwa. Mwombeni fundi aifute yote kwa programu ya kuandika juu yake, au muivunje kwa nyundo.

Na wakati wa uchaguzi wa maofisa, nakala ziingie kwenye orodha ya vitu vinavyokabidhiwa, pamoja na muhuri na kitabu cha benki: flashi zote, diski ya nje, ufunguo wa BitLocker, neno la siri la akaunti ya intaneti na ile bahasha. Zifunguliwe moja moja mbele ya maofisa wapya, kabla wale wa zamani hawajatia sahihi na kwenda nyumbani.